Ngoma ya Kukalia

Mara ya kwanza yule Mghana alipoingia karakana ya baba yangu, baba alidhani askari wamekuja kumkamata.

Tulikuwa tunakaa Namuwongo, katika mji wa Waganda, chini kule karibu na reli; nchi wakati huo ilikuwa chini ya jeshi. Mbele ya nyumba palikuwa karakana, nyuma vyumba viwili na ua. Baba alikuwa seremala. Mama alikuwa akisuka nyungo na vifuniko vya chakula vya rangi rangi, vile ambavyo wanawake wetu wa Kinubi husuka popote walipo. Mimi nilikuwa msichana aliyemaliza shule, nauza vitambaa katika duka moja mjini, duka ambalo wakati ule lilikuwa na rafu nyingi kuliko vitambaa. Siku hiyo nilikuwa nyumbani. Nikasikia sauti nzito mlangoni:

"We fundi! Simama! Toa kitanda haraka!"

Baba aliangusha randa na kuinua mikono juu. Mlangoni alikuwa amesimama mtu mrefu kuliko mlango wenyewe, amevaa shati jeupe na miwani. Alipoiona mikono ya baba iko juu, uso wake ulibadilika kwa hofu, naye akainua yake. Wakabaki hivyo, watu wazima wawili wanaangaliana na mikono juu, vumbi la mbao linaelea katikati yao. Kicheko kilinitoka bila kukusudia.

Kumbe alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari huko Mengo. Alikuja pamoja na Waghana wengine kushika nafasi za walimu waliokuwa wamekimbia nchi. Alipanga chumba Kansanga, na kila siku akienda kazini alisimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani. Shuleni walisema naye Kiingereza, majirani walimsemesha Kiganda. Waliomsemesha Kiswahili walikuwa askari peke yao, kwa hiyo Kiswahili alichokipata ni kile: simama, toa, haraka, lala chini. Alidhani ndivyo lugha ilivyo.

Nilimtafsiria baba. Mama alitoka uani na ususi mkononi.

"Nani kamfundisha mtoto wa watu kusema hivi?"

"Askari, mama."

"Basi aje tumfundishe upya." Akamsogelea, akamtazama juu kama mtu anayetazama paa. "Sema hivi: fundi, habari ya kazi. Naomba unitengenezee kitanda."

Yule mtu alirudia neno kwa neno. Alipofika kwenye "naomba" aliliachia taratibu, kama analionja.

Hapo inabidi niseme habari ya kaka yangu, maana bila yeye hakuna la kueleza. Alikuwa mkubwa wangu, dereva wa lori. Asubuhi moja aliondoka kwenda kazini kama siku zote, na tangu hapo hakuna aliyemwona, yeye wala lori. Baba alizunguka kuuliza mpaka mtu mmoja, tena mtu wa kwetu mwenye jamaa jeshini, akamwambia kwa upole aache kuuliza. Watu wa mjini walidhani sisi Wanubi tulikuwa na kinga kwa kuwa tulisema lugha moja na askari. Sisi tulijua si hivyo.

Kabla ya hapo mama alikuwa mpiga doluka. Doluka ni ngoma yetu ya harusi, na wanaoipiga ni wanawake. Mama alialikwa kutoka mbali, harusi isiyokuwa na mkono wake ilionekana haijakolea. Kaka alipopotea, aliifunga ngoma yake kwa shuka na kuisukuma chini ya kitanda. Majirani walipomshauri tusome hitima, alijibu, "Hitima husomewa maiti. Mimi maiti sijaiona." Walipomwalika kwenye harusi alijibu vilevile, kwa maneno mengine. Hakuweza kulia wala kushangilia. Alisuka tu, na jioni alimbakizia kaka chakula sufuriani.

Mghana alirudi kuangalia kitanda chake. Baba alikuwa bado anapiga randa, akamwonyesha sanduku tupu la majani ya chai akae asubiri. Akakaa. Baada ya muda mikono yake ilishuka katikati ya magoti na kuanza kugonga ubao wa sanduku, kidogo kidogo, kisha kisigino kikajiunga. Nilikuwa nafua uani. Mlio ule ulikuwa na kitu cha kuchechemea: mkono wa kulia unakwenda sawa, wa kushoto unachelewa makusudi na kuja kuungana na mwenzake mwishoni kabisa, wakati umeshakata tamaa.

Mama aliinuka mkekani ghafla.

"Hapa hapapigwi ngoma!"

Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Mghana alisimama, akanitazama nimtafsirie, lakini sura ya mama ilikuwa imeshatafsiri. Aliondoka bila kuaga vizuri. Baba alimweleza nje, kwa ishara na maneno machache, kwamba tuna kijana aliyepotea.

Kesho yake akarudi. Alikuwa ameleta sukari kwenye bahasha ya karatasi, na sukari siku zile ilikuwa kitu cha kupeana kwa mikono miwili. Alisimama mbele ya mama. Nadhani alikuwa ameyakariri njiani.

"Mama, nisamehe. Mimi sikujua."

Mama alipokea, akamwambia akae. Akaendelea kusuka. Kisha akauliza, bila kuinua macho:

"Ule mkono wako wa kushoto, mbona ulikuwa unachechemea?"

Ndipo tukapata kusikia habari ya ile ngoma. Alieleza kwa Kiingereza, mimi nikageuza. Kwao pwani ya Ghana ipo ngoma ya mraba, sanduku la mbao lenye miguu mifupi, upande wa mbele limewambwa ngozi. Mpigaji hukaa juu yake kama anayekaa kitini, akainama na kuipiga katikati ya miguu, na kisigino chake hukibonyeza kwenye ngozi ili sauti ipande na kushuka. Baba yake, naye seremala, aliijua alipokwenda kufanya kazi katika kisiwa kimoja mbali na kwao, akarudi nayo. Walioipeleka kule kisiwani walikuwa watu wa Freetown, mji mwingine wa pwani ile ya magharibi. Na watu wa Freetown waliipata kwa watu walioletwa na meli kutoka Jamaika.

"Jamaika ni wapi?" mama akauliza.

"Karibi. Ng'ambo ya bahari yote."

"Walifanya nini mpaka wakaletwa?"

"Walikaa milimani wakakataa kutawaliwa. Waingereza walipowashinda wakawapakia melini."

"Na huko Jamaika walikuwa wametoka wapi?"

Mghana alivua miwani akaifuta kwa shati. "Kule kule kwetu, mama. Afrika ya magharibi. Mababu zao waliuzwa."

Mama aliacha kusuka. "Ina maana ngoma ilikwenda ya mviringo, ikarudi ya mraba."

Nilipomtafsiria alicheka, akasema amesoma chuo na kufundisha miaka, na hajamsikia mtu akilisema vizuri hivyo.

Baba alikuwa amesikiliza yote akiwa ameegemea mlango wa karakana. Akauliza swali moja. "Waliopakia watu melini ni Waingereza?"

"Ndiyo."

"Na sisi vilevile. Babu zetu walitolewa Sudani kuwa askari wao, wakaletwa hapa kwa miguu, na wake zao na ngoma zao." Akatazama mbao zake. "Vipande vya mvule ninavyo. Nitakutengenezea."

Siku hiyo sikuelewa kwa nini mama hakukataa. Nadhani ni kwa sababu baba alikuwa ameongea. Tangu kaka apotee, baba alikuwa akisema mambo ya chakula na kazi tu.

Ngoma ilichukua majuma kadhaa. Mghana alichora, baba akaangalia mchoro kwa heshima na kuuweka pembeni, kisha wakaanza kubishana kwa vidole. Ndani ya sanduku kulikuwa na fremu nyingine ya kusukuma ngozi kwa nyuma ili ikaze, na hiyo fremu iliwatesa wote wawili. Ikija kubwa, inakwama. Ikija ndogo, inalegea. Walipata ngozi ya mbuzi kwa mchinjaji, wakailoweka, na walikuwa karibu kuiwamba na manyoya yake mama alipopita na ndoo.

"Hiyo ni ngozi ya dume. Itawapigia kelele kama bati. Tafuteni ya jike, tena asiwe mnene."

Wakatafuta. Aliikwangua yeye mwenyewe kwa wembe, ameitandaza mkekani, na hakumruhusu mtu mwingine kuigusa. Mimi tu ndiye niliyeshika pembe. Nilimwona anaipitishia kiganja chote, kama anavyopima homa ya mtoto, akasema, "Sasa wekeni kivulini, si juani."

Ilipokamilika Mghana alitaka kuichukua Kansanga. Baba ndiye aliyewaza vizuizi. Sanduku kubwa zito, lililofungwa kila upande, mgeni amelibeba begani: nani angemwamini kuwa ndani mna hewa tu? Ikaamuliwa ngoma ibaki kwetu, na mwenyewe aje kuipiga Jumapili mchana. Enzi hizo kila furaha ilikuwa ya mchana. Hata dansi za mjini zilianza baada ya chakula cha mchana na kumalizika jua likiwa bado liko juu, maana likizama kila mtu alitaka awe nyuma ya mlango wake.

Jumapili zile nazikumbuka kuliko sikukuu. Alikuja na gramafoni ndogo ya betri na santuri zake za kwao, tarumbeta na magitaa, muziki wa kujiachia usioharakisha mtu. Alinifundisha kuucheza, miguu inakwenda kidogo tu, mabega ndiyo yanayosema. Alipenda kutueleza, nasi tulipenda kueleweshwa. Alisema Waingereza waliwahi kuweka askari weusi kutoka visiwa vya Karibi kwenye ngome za pwani ya kwao. Saa za kazi walipiga nyimbo za gwaride. Saa za mapumziko walipiga za kwao, na vijana wa mjini waliokuwa wakisikiliza nje ya ukuta waliondoka nazo. Baadaye mabaharia wakaleta nyingine pamoja na magitaa. Jirani yetu Mkongo, fundi wa saa, alikuwa akisogeza kiti chake kwenye ua wetu na kusema kwamba kwao ilikuwa hivyo hivyo, ila zilizouleta muziki zilikuwa santuri kutoka Kuba, na waimbaji wao wakaimba Kihispania wasichokijua mpaka wakakichoka wakaweka Kilingala.

"Sasa muziki huu ni wa nani?" nikauliza siku moja.

Mghana na Mkongo walijibu pamoja, kila mmoja kwa lugha yake, "Wetu." Baba akacheka mpaka akakohoa.

Mama hakucheza. Alikaa mbali kidogo na ususi wake. Lakini niliona Jumapili hizo hasuki kwa mwendo wake wa kawaida. Sindano ilikuwa inachelewa na kuwahi, inachelewa na kuwahi.

Halafu Jumapili moja Mghana hakuja. Ya pili hakuja. Baba alisema labda ana mitihani ya kusahihisha. Mama siku ile alipakua chakula akabakiza sehemu mbili sufuriani badala ya moja. Nilipoona zile sehemu mbili nikatoka nje.

Jumapili ya tatu, kabla hata hatujamaliza chai, mama alikuwa ameshajifunga gurbaba yake nzuri, ile ya kutokea, yenye nakshi pembeni.

"Twende Kansanga."

"Hatujui nyumba, mama."

"Mtu mrefu vile hakosi kujulikana."

Baba alitaka kwenda yeye. Mama akamwambia wanawake wawili wenye kapu hawaulizwi sana. Tulikwenda kwa miguu. Kwenye kizuizi askari alimwuliza anakwenda wapi, akajibu, "Kwa mwanangu, anaumwa," na alilisema bila kupepesa. Sikujua kama alikuwa anadanganya au anabahatisha, au labda ndilo jambo zuri kuliko yote aliloweza kulitumainia. Kuumwa ni afadhali. Anayeumwa yupo mahali.

Kwenye maduka ya Kansanga mwanamke muuza mkaa alituonyesha kwa kidevu. Mlango ulikuwa haujafungwa kwa ufunguo. Mghana alikuwa amelala kwenye kile kitanda kirefu cha baba, amejifunika koti juu ya blanketi, anatetemeka hadi mbao zinalia. Malaria. Midomo imekauka, chumba kinanuka jasho, juu ya meza kuna kikombe cha maji chenye nzi.

Mama alisimama mlangoni, mkono ameshika kizingiti. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini sana, si kwangu wala kwa mgonjwa:

"Yupo. Huyu yupo."

Baada ya hapo alikuwa kazi tupu. Nilitumwa maji, nikatumwa dawa, nikatumwa mkaa. Alimpikia uji wa mtama, akamnywesha kwa kijiko, akamfuta uso na shingo. Katika homa yule mtu mzima alikuwa akiita kwa lugha yake, neno moja lile lile, na mama akawa anaitika, "Naam. Niko hapa." Sijui neno lilikuwa na maana gani. Mama hakuuliza. Kila siku ya juma lile tulikwenda, tukarudi kabla ya jioni, na siku moja tulimkuta amekaa kitandani, amenyoa ndevu.

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake kipya, "karibu. Naomba ukae."

Mama alikaa, akajifunika uso kwa ushungi na kulia. Alilia kwa sauti, kilio ambacho kilikuwa hakijatoka tangu asubuhi ile ya lori. Mghana hakuelewa yote lakini alielewa ya kutosha. Alikaa naye hivyo, mikono juu ya magoti.

Alipopata nguvu akaja kwetu Jumapili, amekonda, shati linamcheza mwilini. Baba alileta ngoma katikati ya ua na kumwonyesha akae. Kabla hajakaa, mama aliweka ususi chini.

"Ngoja kwanza."

Akaisogelea. Akaizunguka. Akaitandaza gurbaba yake vizuri, akakaa juu ya ngoma.

Mghana alinitazama akiwa na wasiwasi. "Mwambie mama," alisema kwa Kiingereza, "kwetu wanawake hawaipigi hii."

Nikamwambia.

"Mwambie," mama akasema, "kwetu wanaume hawaipigi."

Akaanza. Kwanza alikuwa anaitafuta, mkono mmoja, kama mtu anayebisha hodi. Kisha ikaja doluka, ile ya kumtoa bibi harusi ndani, niliyokuwa sijaisikia kwa miaka. Kisigino chake kilikataa mwanzoni, kisha kikakubali, na sauti ikaanza kupanda na kushuka chini ya mikono yake. Alipokwisha kuizoea aliruhusu mkono wa kushoto uchelewe. Ulichechemea juu ya doluka yetu kama vile ulikuwa na nafasi yake humo siku zote. Jirani mwanamke alipiga kigelegele kutoka upande wa pili wa ukuta kabla hajajua kuna nini. Baba aliingia karakana. Nilimfuata nikamkuta anafuta macho kwa mikono yenye vumbi la mbao, anazidi kujiumiza.

Mwezi huo huo mama alimpigia jirani yule wa kigelegele harusi ya binti yake, juu ya lile sanduku, na wanawake wakaliita kiti cha Mghana. Na baada ya harusi, bila kushauriwa na mtu, alisema mwanawe asomewe hitima. Walikuja watu wengi. Mghana hakuwa Mwislamu, lakini alivua viatu akakaa mlangoni mpaka dua ya mwisho.

Vita vilipoanza kusogea kutoka kusini, walimu wa kigeni walishauriwa waondoke. Alikuja kutuaga asubuhi moja ya kazi, hivyo tukajua ni haraka. Alimpa baba saa yake. Mimi alinipa santuri ile niliyojifunzia kucheza. Kwa mama alipiga magoti, jambo ambalo kwao sijui kama lipo, labda aliliona kwa Waganda.

"Mama, naomba ruhusa."

"Nenda mwanangu. Usisimame njiani."

Serikali ilipoanguka, hasira za watu zilitugeukia sisi Wanubi wote, wenye makosa na wasio na makosa. Tulitoka Namuwongo na nguo tulizovaa na kapu moja. Tuliishia Kenya, Kibera, kwa jamaa zetu waliokuwapo tangu enzi za babu. Baba alipata kazi ya kutengeneza milango. Ngoma ilibaki uani kule, na sijui nani aliikalia au aliifanya kuni. Mama hakuwahi kuililia. Aliazima doluka ya shangazi yangu, akaanza kualikwa tena, akafundisha mabinti. Juzi juzi nilikuwa kwenye harusi Kibera, nikamsikia msichana mdogo anapiga, mkono wa kushoto unachelewa. Nikamuuliza aliipata wapi hiyo. Akanishangaa, akaniita bibi kwa lugha yetu. "Ni ya kwetu, haboba. Ya Sudani, ya zamani." Nikamwambia apige vizuri.

Mama aliishi sana. Mwaka wake wa mwisho alikuwa hasuki tena, tunakaa naye tu barazani mchana, namkata kucha. Siku moja akaniuliza:

"Yule mwalimu, unadhani alifika kwao?"

"Sijui, mama. Hatukusikia."

Mkono wake ulikuwa bado mkononi mwangu.

"Alifika," akasema. "Mama yake alimwona kutoka mbali."